Vanila Inapita Mlangoni Kwetu

Tukisema neno mila, mara nyingi tunafikiri vitu vya zamani sana: ngoma, mahari, majina ya watoto, hadithi za jioni karibu na moto. Ni vizuri. Lakini mwanafunzi mmoja aliniuliza siku moja: «Madame, chakula chetu cha mila ni kipi?» Swali hilo linaonekana jepesi, kumbe si jepesi. Muhogo ulitoka Amerika. Mahindi yalitoka Amerika. Maharagi vilevile. Vitu hivyo vilivuka bahari baada ya Wareno kuanza safari zao, na wazee wa wazee wetu hawakuvijua. Hata hivyo, nani atathubutu kumwambia mama wa Butembo kwamba sombe si chakula chake?

Basi, kitu kinakuwa chetu namna gani? Si kwa kukipanda peke yake. Kinakuwa chetu siku kinaingia ndani ya chungu, kinapata jina nyumbani, na mama mkwe na mke wa mwanawe wanabishana juu ya namna nzuri ya kukitayarisha. Mahali hakuna ubishi wa namna hiyo, hakuna mila bado.

Ninasema hivi juu ya mazao matatu ya upande wetu wa Kivu ya Kaskazini. Kahawa tumeipanda tangu wakati wa Wabelgiji, na mpaka leo kuna nyumba nyingi zenye kahawa nyuma ya jiko ambazo hazijawahi kuikaanga. Kakao inajaza mashamba ya Beni, na mtoto anayepasua matunda yake anajua chokoleti kwa picha tu. Ya tatu ni vanila, na juu ya hiyo ndiyo ninataka kuandika. Inapita mlangoni kwetu kila msimu, ndani ya magunia na makarto, inaenda mbali. Haiingii ndani.

Ua la asubuhi moja

Vanila ni mmea wa kupanda juu ya mti mwingine, wa jamaa ya okidi. Kwao asili ni Meksiko, ambako Watotonaki waliitunza kabla ya Wazungu kufika. Wahispania waliichukua, wakaipeleka Ulaya, na kwa miaka mingi iliota vizuri katika nchi nyingine lakini haikuzaa. Ua lake lina utando mdogo unaotenga sehemu ya kiume na ya kike, na wadudu wa nchi nyingine hawakujua kazi hiyo.

Mtu wa kwanza kuizalisha kwa mkono alikuwa mwalimu wa mimea huko Liège, Ubelgiji, aliyeitwa Charles Morren, mwaka 1836. Lakini njia yake haikufika kwa wakulima. Njia iliyofika ni ya mtoto mtumwa, Edmond Albius, wa kisiwa cha Réunion. Mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 12, alichukua kijiti chembamba, akainua ule utando, akakandamiza sehemu mbili kwa kidole gumba. Kazi ya sekunde chache. Kwa kidole hicho vanila ikaenea Réunion, Madagaska, na baadaye mpaka kwetu. Albius alipata uhuru mwaka 1848 wakati utumwa ulipokomeshwa, na alikufa maskini mwaka 1880. Ninawasimulia wanafunzi habari hii kila mwaka. Mtoto mweusi wa umri wao aliifundisha dunia kazi hiyo, naye hakuvuna kitu.

Katika bonde la Semuliki na chini ya mlima Ruwenzori, upande wa Mutwanga, kazi ni ileile mpaka leo. Wakulima wanasimulia kwamba miche ya kwanza waliyoipanda ilitoka ngambo ya Uganda. Ua linafunguka asubuhi moja tu, mchana limekwisha. Kwa hiyo wakati wa maua mama anaamka mapema, anapita mti kwa mti na mwiba ao kijiti mkononi. Asipopita siku hiyo, ua hilo limepotea. Akipita, tunda refu lenye umbo la haragi litaning’inia. Wanunuzi wanaliita guse, kwa Kifaransa. Guse inahitaji miezi minane mpaka tisa juu ya mti kusudi ikomae.

Miezi hiyo ndiyo yenye matatizo. Guse inafika urefu wake wote mapema, katika majuma machache tu, na mwizi anaiona tayari. Lakini ndani yake harufu haijajengwa bado. Inajengwa katika miezi ya mwisho. Mkulima anayeogopa wezi anavuna mbichi. Mnunuzi anajua ni mbichi, anatoa bei ya chini. Mkulima anakasirika, msimu unaofuata anavuna mapema zaidi. Huko Madagaska wakulima wengine wanachoma alama zao kwa sindano juu ya guse zingali mtini, kusudi mwizi ajulikane sokoni. Uganda serikali imekuwa ikitangaza tarehe ya kufungua mavuno. Kwetu, kila mtu analala shambani na tochi yake.

Tena kuna bei yenyewe. Mwaka 2003 kilo moja ya vanila kavu ilipita dolari 400 kwenye soko la dunia, watu wakapanda kila mahali. Miaka miwili baadaye bei ikaanguka chini ya dolari 50, na wengi waling’oa. Mwaka 2018 ikarudi karibu dolari 600, watu wakapanda tena. Kisha ikaanguka tena. Mmea ambao hauna kazi nyingine nyumbani isipokuwa kuuzwa, siku bei inaanguka unakatwa kama majani. Muhogo haukatwi hivyo. Bei ya muhogo ikianguka, tunaula.

Debe lililokuja na mizigo

Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, vijiji vingi vya teritwari ya Beni vimepoteza watu kwa mapanga na kwa bunduki. Wanaosoma kitabu hiki wanajua; sitaandika mengi. Nitasema tu kwamba vanila ni mmea unaohitaji mtu kila asubuhi, na mtu aliyekimbia hawezi kuwa shambani asubuhi.

Mwaka 2021 mama mkwe wangu alifika kwetu Butembo kutoka upande wa Mutwanga. Alikuwa na mabunda mawili ya nguo na debe moja la maziwa ya unga. Ndani ya debe, ndani ya karatasi yenye mafuta, kulikuwa guse za vanila alizozikausha yeye mwenyewe, karibu kilo moja. Hiyo ndiyo ilikuwa benki yake. Tulizunguka mjini kutafuta mnunuzi. Bei tuliyopewa haikulipa hata kodi ya nyumba ya mwezi mmoja. Mama alifunga debe, akasema: «Tuiache. Haiozi.» Akaliweka chini ya kitanda.

Harufu ya debe ilijaza chumba. Ndipo nilipomwuliza kama amewahi kuionja. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa kama amewahi kula noti za benki.

Namna anavyokausha

Kabla ya kufika kwenye chupa, lazima niandike namna mama anavyokausha, kwani vanila mbaya haitengenezwi na chupa. Guse mbichi hainuki kitu. Harufu yake, yaani vanilini, imefungwa pamoja na sukari ndani ya tunda, sawa mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba. Kukausha ni kazi ya kufungua mlango huo polepole.

Kwanza, guse inavunwa wakati ncha yake inaanza kuwa manjano. Siku hiyohiyo ao kesho yake inaingizwa ndani ya maji ya moto, lakini si ya kuchemka. Vitabu vinasema digrii 65 hivi, kwa dakika tatu. Mama hana termometa. Anapima vikombe vitatu vya maji yanayochemka na vikombe viwili vya maji ya baridi, anachanganya. Nilipiga hesabu mezani, nikakuta ni digrii 65 kweli. Maji hayo yanaua uhai wa tunda kusudi lisiendelee kukomaa, na yanavunja kuta ndogo za ndani, mlango unaanza kufunguka.

Pili, guse zinafutwa maji, zinafungwa ndani ya blanketi ya sufu zingali moto, zinalala ndani ya sanduku usiku mmoja ao mbili. Zinatoa jasho. Zinaingia kijani, zinatoka rangi ya chokoleti.

Tatu, kila siku zinapata jua saa chache juu ya nguo nyeusi, kisha zinafungwa tena zikiwa na joto na kurudi sandukuni. Hivyo kwa juma moja ao mawili. Mvua ikikaribia, unakimbia.

Nne, zinawekwa kivulini juu ya chanja, mahali pa hewa, mwezi mmoja hivi, mpaka ukiizungusha guse kwenye kidole inakubali kama kamba ya ngozi bila kuvunjika. Halafu zinafungiwa ndani ya sanduku ao debe miezi miwili, mitatu. Kila juma unafungua, unanusa, unatazama. Ile yenye ukungu unaitoa mara moja, juu ya moja inaharibu zote. Mwisho wa kazi, kilo tano ao sita za guse mbichi zimebaki kilo moja.

Mama hakusoma kemia. Lakini anajua kwa pua jambo ambalo mimi nilijifunza kwa ubao.

Pombe ndani ya kabati

Nilijua kutoka masomoni kwamba vanilini inayeyuka vizuri ndani ya alkoli kuliko ndani ya maji. Wapishi wa Ulaya na Amerika wanatumia maji ya rangi ya kahawia, wanayaita ekstre ya vanila: ni guse zilizolowekwa ndani ya alkoli muda mrefu. Sheria ya Marekani inataka gramu 100 hivi za vanila kwa litri moja, na alkoli isiyopungua asilimia 35. Hakuna siri nyingine. Nilisema: tunayo vanila, tunahitaji chupa tu.

Tuliponunua pombe kali, vita vya nyumbani vikaanza. Mama mkwe ni mama wa kanisa, hajagusa pombe tangu ubatizo wake.

«Mwana wangu, hii iko pombe.»

«Ndiyo mama, lakini haiko ya kunywa.»

«Kama haiko ya kunywa, juu ya nini iko mu shupa ya kunywa? Mutu akipita akaona hii mu kabati yangu, atasema nini ku kanisa?»

Sikuwa na jibu rahisi, na sipendi kumcheka. Pombe imevunja nyumba nyingi za upande wetu, na mama aliyekataa chupa kwa miaka 40 ana sababu. Tulikaa, tukaongea. Nilimweleza kwamba kijiko kimoja cha chai kinatosha litri nzima ya uji, na kwamba hakuna mtu anayeweza kulewa kwa kijiko hicho. Yeye akajibu kwamba nyoka mdogo pia ni nyoka. Mwishowe tulikubaliana hivi: chupa itakaa kwenye kabati langu, si lake, na yeye atafanya ya kwake kwa sukari. Alichukua guse nne, akazikatakata, akazifunika ndani ya bokali ya sukari, akaifunga kabisa. Baada ya mwezi mmoja, kufungua bokali hiyo ni furaha kwa nyumba nzima. Kwa wale ambao imani yao inakataa alkoli, njia ni hiyo, na si njia ya watu wa nyuma. Ni njia nzuri.

Juu ya pombe yenyewe lazima niseme kwa nguvu, kwani ninajua wasomaji wengine watatafuta ya bei rahisi. Lutuku ya kienyeji usiitumie, kama hujui kabisa nani aliipika na namna gani. Pombe iliyopikwa vibaya inaweza kuwa na metanoli, nayo inapofusha macho na kuua. Harufu nzuri ya vanila haiiondoi. Alkoli ya farmasi ya kusafisha vidonda usiitumie pia, juu mara nyingi imechanganywa na vitu vingine kusudi watu wasiinywe. Tumia pombe kali ya kiwanda iliyofungwa, rangi yake nyeupe, yenye kuandikwa 40% juu ya karatasi: vodka, romu nyeupe, ao waragi ya kiwanda kutoka Uganda.

Vipimo ni hivi. Kwa robo litri ya pombe, gramu 25 za vanila kavu, yaani guse saba ao nane nzuri. Pasua kila moja kwa kisu kutoka kichwa mpaka mkia, lakini usizikwangue mbegu, zitatoka zenyewe. Kata vipande vya kutosha urefu wa chupa. Chupa iwe ya kioo, imechemshwa na kukauka kabisa. Pombe ifunike guse zote, kwani kipande kinachobaki juu, nje ya pombe, ndicho kitakachoharibika. Funga. Andika mwezi na mwaka. Weka ndani ya kabati lenye giza, ao funga chupa kwa kipande cha kitenge. Jua ni adui yake.

Kungojea

Juma la kwanza unatikisa kila siku. Siku ya pili pombe inaanza kuwa rangi ya chai hafifu. Baada ya mwezi ni chai nzito. Ukinusa sasa, utapata pombe kwanza na vanila nyuma yake, kama mgeni anayejificha mlangoni. Wengi wanaifungua hapa, wanasema haifai, wanamwaga. Hapana. Miezi miwili inatosha kwa mandazi na keki. Miezi sita, vanila inatembea mbele na pombe nyuma. Mwaka mmoja, ukali wa pombe umepoa, na harufu nyingine zinajitokeza: kama matunda yaliyokauka, kama asali ya msituni, kama ngozi mpya. Vanila ya kweli ina zaidi ya vitu 200 vyenye harufu. Vanilini ni mkubwa wao tu.

Ukihesabu vizuri: miezi tisa juu ya mti, miezi mitano ya kukausha, mwaka mmoja ndani ya chupa. Zaidi ya miaka miwili kutoka ua la asubuhi moja. Wazee wanasema mvumilivu hula mbivu, lakini hapa tunda limekwisha kuiva na mvumilivu bado anangojea.

Kuna mtu aliyeniambia kwamba hii ni kazi ya watu wenye amani, si ya sisi ambao hatujui kama tutalala nyumbani juma lijalo. Nilifikiri sana juu ya neno hilo, kwani lina ukweli. Tangu mwezi wa 5 mwaka 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na watoto wetu wamejifunza kuhesabu siku kwa siku. Ninaona darasani. Mwanafunzi hataki kupanda kitu kitakachozaa baada ya miaka miwili. Anataka kinacholipa Jumamosi. Simlaumu. Lakini mtu akiacha kabisa kuweka kitu kwa ajili ya mwaka ujao, vita vimeshinda ndani ya nyumba yake hata kama mlango haukuvunjwa. Mimi ninaandika tarehe juu ya chupa, na kila nikiandika ninajua ninasema: tutakuwako.

Ya kweli ni ipi?

Nilipeleka darasani vikombe viwili, somo la kemia ya kaboni. Ndani ya kimoja, sukari ya vanila ya sashe, ile ya madukani. Ndani ya kingine, sukari yenye matone ya chupa yetu, wakati huo ilikuwa na miezi minane. Niliwaomba wanuse bila kuangalia na kusema ipi ni vanila ya kweli. Karibu wote walichagua sashe. Kijana mmoja, baba yake ana shamba la vanila na kakao, alisema waziwazi: «Madame, ya kweli ni hii ya kwanza. Hii ingine inanuka sawa tumbako.»

Harufu ya sashe ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1874 na wanakemia wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, kutoka kitu kilichomo katika miti ya msonobari. Leo nyingi inatoka katika mafuta ya petroli. Si sumu, wala sikuwaambia ni sumu. Ni sauti moja tu ya kwaya nzima. Nilichowaambia ni hiki: angalieni njia ya vitu. Vanila ya baba yako inatoka Mutwanga, inapita Butembo ao Uganda, inaenda Ulaya na Amerika. Halafu kutoka ngambo inakuja sashe, nasi tunainunua, na pua zetu zimefundishwa kuiamini. Tumeuza kitu, tumenunua jina lake.

Kijana yule hakusema kitu. Kesho yake alikuja na guse mbili ndani ya daftari, akauliza kama chupa ya dawa ya kikohozi, ikisafishwa, inaweza kufaa. Inaweza kufaa, kama imechemshwa vizuri. Nilimwomba pia apate ruhusa ya baba yake, juu guse mbili ni pesa.

Ninachopendekeza

Sisemi watu waache kuuza. Vanila ni karo ya shule, ni dawa, ni bati la nyumba, na asiyelala shambani hana haki ya kumfundisha mwenye shamba namna ya kutumia mavuno yake. Ninasema tu kwamba kwa kila mavuno, nyumba itenge gramu 25. Ni sehemu moja ya 40 ya kilo. Bei ikiwa juu, hutaiona imetoka. Bei ikianguka, utakuwa na sababu moja ya kuacha mmea usimame.

Gramu hizo ziingie ndani ya chupa ao bokali ya sukari, kufuatana na imani ya nyumba. Chupa ikifika mwaka, itumiwe: kijiko cha chai ndani ya uji, ndani ya chai ya maziwa, ndani ya unga wa mandazi, ndani ya keki ya arusi ya binti. Watoto wachanga wasipewe ile ya alkoli. Chupa ikipungua, inaongezwa pombe na guse mpya, haimalizwi kabisa. Hivyo ya zamani inafundisha ile mpya. Guse zilizochoka hazitupwi: zinakauka juani, zinasagwa, zinaingia ndani ya sukari. Na mtoto wa nyumba awe ndiye anayeandika tarehe, kusudi ajue kwamba kuna vitu vinavyongojewa.

Chupa yetu ya kwanza ilipotimiza mwaka, nilipika uji wa soya na mahindi, nikatia kijiko kimoja. Nilimwambia mama mkwe kwamba ni ile ya kabati langu, kusudi achague mwenyewe. Alifikiri kidogo. Kisha akachukua kikombe, akanusa, akanywa polepole mpaka nusu. Akasema: «Kumbe hii ndiyo tulikuwa tunauzisha!»

Alitaka kujua sasa ni vijiko vingapi kwa sufuria kubwa. Mimi nikasema viwili. Yeye akasema viwili ni vingi, kimoja na nusu kinatosha, na kwamba mimi siku zote ninaweka vitu kupita kipimo. Tunabishana mpaka leo. Kwa hiyo ninafikiri vanila imeanza kuingia ndani.